Masazo ya Mwanga Kule Bunju

Swali mnaloniuliza kila mkija hapa kwangu ni lile lile: "Bibi, uliwahi kuuona mlipuko wenyewe?" Hapana, sikuwahi, na atakayewaambia kwamba aliuona kwa macho yake mwambieni akapumzike. Miale ya gamma haipenyi hewa yetu. Inanaswa na mitambo inayozunguka huko juu, na mlipuko wenyewe huwaka kwa sekunde chache, ukijitahidi sana dakika, halafu basi. Sisi wa huku chini tulikuwa tunafika shughuli imeshakwisha na viti vinakusanywa. Kazi yetu ilikuwa kutafuta masazo.

Neno hilo si la vitabuni, ni la Dokta Elia. Yeye alikuwa mwalimu wa fizikia chuoni, mtu wa Upare, mrefu, mpole, na ndiye aliyekuwa bosi wangu. Alieleza hivi: mlipuko ukishapita, pale ulipotokea hubaki mwanga dhaifu, mwanga wa kawaida ambao kamera inaweza kuuona, nao hufifia saa baada ya saa mpaka unapotea. Karamu hatukuiona, alisema, lakini tukiwahi masazo yakiwa bado ya moto tutajua kilipikwa nini. Na masazo yakishapoa kabisa, ukichungulia palepale kwa darubini kubwa, unaweza kukuta galaksi ndogo iliyo mbali kupita akili, ambamo nyota iliyolipuka ilifia. Hiyo tuliiita mwenyeji. Mwanga wake ulianza safari kabla hapajawa na dunia ya kuupokea. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilikaa kwenye stuli ya maabara nikasahau kwamba nimeshika pasi ya kulehemu iliyo moto. Kovu hili hapa kidoleni ni la siku hiyo.

Mimi, Tatu wenu, nilikuwa fundi wa maabara. Nilitengeneza mizani, saa za majaribio, vyombo vya umeme vilivyoungua kwa wanafunzi kuunganisha chanya na hasi bila kufikiri. Nilikaa Temeke na baba yangu, Mzee Shomari, aliyekuwa fundi cherehani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, biashara zimeshafunguliwa, kila mtu anauza kitu, na kompyuta za mtumba zinashushwa bandarini kama nguo. Dokta Elia alipata darubini iliyotumika, kioo chake upana wa ungo, akaiweka kwenye kiwanja chake Bunju, ndani ya kibanda chenye paa la bati tunalolisukuma pembeni kwa mikono. Bunju ya wakati ule ilikuwa mashamba na nyumba chache, na giza lake lilikuwa giza kweli.

Mtauliza kwa nini Dar, mji wenye unyevu na mawingu, mahali ambapo mtu mwenye akili hajengi darubini. Jibu ni kwamba kukiwa usiku kwetu, Amerika ni mchana. Upande huu wa Bahari ya Hindi macho yalikuwa machache sana. Halafu tuko karibu na ikweta, anga ya kaskazini tunaiona na ya kusini tunaiona. Mlipuko ukitokea saa ambayo wakubwa wote wamewakiwa na jua, kibanda cha Bunju kilikuwa na zamu yake.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo lilitukalia kooni tangu mwanzo. Kamera haikuwa yetu. Ilikuwa ya mkopo kutoka chuo kimoja cha ughaibuni, na masharti yalikuwa wazi: muda wa mkopo ukiisha bila sisi kuthibitisha masazo hata mara moja, kamera inakwenda kwa wengine wanaoisubiri. Kamera ikiondoka, kibanda kinabaki banda la kuku. Dokta alikuwa na darasa lake la kurejea. Mimi nilikuwa na mizani.

Sasa ngoja niwape ufundi kidogo kabla sijasahau, maana hili hamtalikuta popote. Adui wa kwanza wa darubini Pwani si wingu, ni umande. Wingu unaliona likija. Umande unakukalia kimya, unafikiri nyota zimefifia kumbe kioo kinatoka jasho. Nilizungushia mdomo wa darubini waya wa pasi iliyokufa, nikaupa umeme kidogo sana kutoka betri ya gari, joto la kiganja tu. Ukizidisha, hewa inachemka na nyota zinacheza ngoma. Adui wa pili ni mjusi kafiri. Anapenda kioo kwa sababu kina joto la mchana, na anaacha vitu vyake pale pale katikati. Usifute kwa kitambaa kikavu. Mwagia maji safi, subiri, mwagia tena, na matusi yako yaweke moyoni.

Tena kulikuwa na msalaba wa nyuzi ndani ya lenzi ya kulengea, ule unaokuweka katikati ya nyota. Ulikatika, na vipuri havikuwepo mji mzima. Nilijaribu nywele, nene mno. Nilijaribu uzi wa hariri wa Baba, nao mnene. Mwishowe nikachukua uzi wa buibui kwenye kona ya choo chetu Temeke, nikautandaza kwa gundi ya kucha. Ulidumu kuliko ule wa kiwandani. Dokta alipouliza nimeutoa wapi, nilimwambia kwa fundi mmoja wa uswahilini anayefanya kazi usiku.

Na kulikuwa na Mzee Nassoro. Huyu alikuwa Mwarabu wa hapa hapa, mwenye duka pale Bunju, jirani yetu kwa upande wa barabara. Alinunua jenereta na taa ndefu ya tyubu, akaifunga juu ya mlango wa duka, na jioni ya kwanza tukafikiri mwezi umeanguka. Nikaenda kumwomba.

"Shikamoo, mzee. Taa yako inatuumiza."

"Marahaba, mwanangu. Inawaumiza vipi, mnakaa ndani ya banda?"

"Inaangaza angani. Nyota hatuzioni."

"Mie siuzi nyota," akasema. "Nauza sukari. Mteja asipoona mwanga anadhani nimelala."

Hakusema kwa ubaya. Nilirudi siku ya pili na debe la mafuta ya kupikia nililolipasua, nikamtengenezea kofia ya taa, mwanga wote ukaanguka chini kwenye magunia yake. Akatoka nje, akalitazama duka lake kwa mbali, akarudi ndani. Alisema mchele umekuwa mweupe zaidi. Tangu hapo alikuwa mtu wetu, na kila tukipita asubuhi aliuliza, "Mmekiona?" Nasi tulijibu, "Bado." Alikuwa hajui tunatafuta nini hasa, lakini alikuwa anasikitika kwa dhati.

Bado ilikuwa nyingi. Mara taarifa ya mlipuko kutoka kwa wenye mitambo ya juu ilitufikia imechelewa. Mara mvua. Mara moja tulikuwa na kila kitu, anga safi, taarifa mapema, halafu siafu wakaingia kwenye sanduku la swichi wakaokwa humo na kuunguza kila kitu. Sikucheka wakati ule. Sasa nacheka.

Lakini aibu kubwa ilitokana na sisi wenyewe, na hii isikilizeni vizuri. Tulipiga picha ya eneo tulilopewa, Dokta akakaa mbele ya kompyuta, akasema, "Tatu, njoo. Unaona pale, pembeni ya zile nyota mbili?" Nikainama. Nikatazama alipoweka kidole. "Naona," nikasema. Na kweli niliona. Tukatuma ujumbe dunia nzima kwamba Bunju imepata masazo. Watu wakageuza darubini zao kubwa kuelekea pale, na hapakuwa na kitu. Kilikuwa kijitundu kibovu ndani ya kamera yetu, kinachowaka chenyewe bila kupigwa na nyota yoyote. Wenye kamera walituandikia kwa adabu sana, na ile adabu ndiyo iliyochoma.

Nilimsimulia Baba. Alikuwa anapiga pindo la suruali, hakusimamisha cherehani.

"Yeye ndo alokuonyesha?"

"Ndiyo."

"Basi wewe si shahidi," akasema. "Alieonyeshwa si shahidi."

Baba yangu alikuwa mtazama mwezi. Ile jioni ya ishirini na tisa ya Shaabani na ile ya Ramadhani, wazee wa msikitini kwetu walimtegemea, kwa sababu alikuwa na macho na alikuwa na subira. Akanieleza jambo ambalo nililiona tangu utoto bila kulielewa. Mtu akija kusema ameuona mwezi, imamu hamuulizi, "Umeuona pale?" Anamweka peke yake. Anamuuliza pembe zilitazama wapi, ulikuwa kulia au kushoto kwa pale jua lilipozama, ulikuwa juu kiasi gani. Halafu anamwita wa pili, ambaye hajasikia neno la wa kwanza, anamuuliza hayo hayo. Wakipatana, mji unafunga au unafungua. Wasipopatana, wanashukuriwa kwa kuja.

"Siku ingine," Baba akasema, "watu wana hamu na Idi mpaka wanaona mwezi kwenye kope zao. Si waongo. Wanauona."

Nilipompelekea Dokta Elia maneno hayo alicheka, halafu akasema tufanye hivyo hivyo. Utaratibu wetu ukawa huu. Tulinunua ile plastiki nyororo ya kufunikia madaftari, tukakata vipande sawa na uso wa kompyuta. Picha ikishakuwa tayari, mmoja anaingia kibandani peke yake, anabandika plastiki yake juu ya kioo, analinganisha picha na ramani ya zamani ya eneo lile, na kila kitone ambacho ramani haikijui anakitia alama kwa kalamu. Anabandua, anatoka nayo. Mwingine anaingia na plastiki yake safi. Mwisho tunaulizana kwanza kila mtu ana alama ngapi, tusije tukaoneana aibu, ndipo tunazilaza plastiki mbili moja juu ya nyingine. Alama zikikutana, kipo. Yenye shahidi mmoja inaachwa.

Msidhani utaratibu huo ni kinga ya kila kitu. Kuna jioni alama zetu zilikutana barabara, Dokta akanishika mkono akautikisa kama anapampu maji. Tulipopiga picha nyingine baadaye, kitone kilikuwa kimehama. Jiwe la angani, linazunguka jua kwa shughuli zake. Mashahidi wawili waadilifu, na bado ni jiwe. Lakini hilo tulilikamata wenyewe kabla ya kutuma neno, na nililala usingizi mzuri.

Basi. Ile jioni ninayotaka kuwaeleza, mkopo wa kamera ulikuwa unaelekea ukingoni. Nilikuwa maabara, nimefungua mizani, skrubu zimetandazwa mezani, Dokta akaja anakimbia na karatasi ya barua pepe mkononi.

"Tatu, acha hicho. Twende."

"Umetokea lini?"

"Mchana huu huu. Wenzetu wote wana jua."

Tulipanda pikapu yake. Njiani akanieleza kwamba eneo liko magharibi na chini, litatua mapema baada ya Isha, kwa hiyo tuna nafasi ndogo kati ya giza kuingia na lenyewe kuzama. Tulipofika Bunju jua lilikuwa linazama, na upande huo huo wa magharibi kulikuwa na wingu lililokaa kama mtu anayesubiri aitwe. Mzee Nassoro alituona tunavyokimbia na betri, akauliza, "Leo?" Dokta akasema, "Labda leo, mzee." Yule mzee akaingia dukani akazima taa yote, kofia na kila kitu, wateja wakiwa ndani. Nilimsikia anawaambia leo anauza kwa koroboi, asiyetaka aje kesho.

Tulipiga picha mfululizo, fupi fupi, mpaka wingu likapanda na kulimeza eneo zima. Tukazijumlisha zikawa moja. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu.

Nikabandika plastiki. Nikaigeuza picha, nyota ziwe nyeusi juu ya weupe, kwa sababu jicho hulitambua doa jeusi upesi zaidi. Halafu nikafanya alivyonifundisha Baba: sikukodoa. Nilikaa nyuma kidogo, nikaacha macho yatembee. Vijitundu vibovu vya kamera, ambavyo sasa vilikuwa viwili, nilivijua, nikavitia alama. Kisha, kwenye pembe ambayo ramani ilikuwa tupu, nikaona kitu. Nikikitazama moja kwa moja kinakimbia. Nikitazama pembeni kinarudi. Niliisogeza picha nione kama ni uchafu wa kioo. Kitu kikasogea pamoja na nyota. Nikazigawa picha, za mwanzo kando na za mwisho kando. Za mwanzo kilikuwemo. Za mwisho kilikuwemo kwa mbali, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Nikatia alama, nikabandua plastiki, nikatoka nimeikumbatia kifuani.

Dokta akaingia. Nikasimama nje na mbu. Alikaa muda mrefu, nami nikausoma ule muda kuwa habari njema.

Alipotoka aliniuliza, "Una ngapi?"

"Tatu."

Akavuta pumzi. "Mie mbili. Vile vibovu tu."

"Rudi utazame tena, Dokta. Hujatulia."

Alirudi. Mara hii nilimfuata mpaka mlangoni. Niliona mgongo wake umeinama, kichwa kinakwenda taratibu kutoka pembe hadi pembe, na kilipita pale mahali pangu kikaendelea. Nilitaka kupiga kelele.

"Hakuna kitu?"

"Kuna mchanga," akasema. "Picha yote ina mchanga. Kila nikitaka, naona kitu. Nikitulia, hakipo."

"Basi ngoja nikuonyeshe."

Akageuza kiti akaipa picha mgongo. "Usinionyeshe. Ukinionyesha nitaona. Mie najijua, Tatu. Nakitaka hicho kitu kuliko wewe."

"Huwezi kukitaka kuliko mie. Kamera ikienda, wewe una darasa. Mie narudi kwenye skrubu."

"Najua."

"Basi tazama huku."

"Nimetazama mara mbili. Utaratibu ni wenu nyie, wa mzee wako. Mie naufuata tu."

Nilimchukia wakati ule, na niliichukia miezi yote ya Ramadhani niliyowahi kufunga. Tukalaza plastiki. Alama yangu ilikaa peke yake pale pembeni. Ndipo akageuka, akaitafuta sehemu ile kwenye picha, akaitazama. "Sasa naona," akasema polepole. "Lakini nimeshaonyeshwa." Akaipima kwa kompyuta, nayo kompyuta ikawa mnafiki: namba ilitoka katikati, si ya kusema kipo, si ya kusema hakipo. Akaandika ujumbe kwamba Bunju tulitazama, na hatukuthibitisha kitu. Njia nzima ya kurudi mjini sikumsemesha. Tulipopita dukani Mzee Nassoro hakuuliza, alitusoma nyuso, akawasha taa yake.

Kesho yake mvua ilinyesha, na kesho kutwa vile vile.

Baba nilimkuta asubuhi, nikamwambia kila kitu, nikitumaini atakasirika kwa niaba yangu. Akaniuliza swali moja tu.

"Uliuona?"

"Niliuona, Baba."

"Alieuona peke yake ana hukumu yake," akasema. "Hawezi kuulazimisha mji. Mji utaendelea kufunga. Ila yeye mwenyewe hafungi, maana ameuona. Anaingia ndani, anafunga mlango, anakula kwa siri. Halafu anatoka nje amenyamaza, asije akatukanwa au akawatia watu wasiwasi."

"Na kama alijidanganya?"

"Hapo sasa atajijua na Mola wake."

Jibu hilo sikulipenda. Nilitaka kuaminiwa, sikutaka kula peke yangu nyuma ya mlango. Isitoshe, shaka ilikuwa imeshaniingia. Kila nilipofumba macho nilikiona kile kitone, na kila nilipokiona nilijiuliza kama ni kumbukumbu au ni hamu.

Mkopo ukaisha. Barua ikaja, nzuri, ya shukrani. Nilifunga kamera mwenyewe. Niliikausha, nikaitia na mifuko ya chumvi ya kunyonya unyevu, nikaikumbatisha godoro la sponji ndani ya sanduku. Dokta alisimama mlangoni akitaka kusaidia na hana pa kushika. Nililia, siwafichi. Si machozi mengi, lakini yalikuwa ya kweli. Wiki iliyofuata nilikuwa maabara na mizani ileile.

Ilipita miezi. Siku moja ya Jumamosi, mchana, nikasikia hodi Temeke. Dokta Elia. Hakuwahi kufika kwetu kabla. Alimwamkia Baba, "Shikamoo, mzee," akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa bahasha ndani ya koti.

Akatueleza. Usiku uliofuata ule wa kwetu, darubini moja kubwa zaidi, kusini huko, ilikuta masazo ya mlipuko ule, yameshapoa sana, yanakaribia kufa. Na sasa, baada ya kila kitu kuzimika, darubini kubwa kuliko zote imechungulia mahali pale kwa muda mrefu na kumkuta mwenyeji. Akatoa picha. Ilikuwa galaksi, ndogo, doa lililofifia kama alama ya chaki iliyopanguswa kwenye kitambaa. Niliishika kwa ncha za vidole. Mtu wa kwanza kuniambia habari za vitu hivyo alikuwa yeye, na sasa nilikuwa nimekishika kimoja, kwenye kibaraza chetu, kati ya vipande vya suruali.

"Nimepima," Dokta akasema. "Nilichukua plastiki yako, nikapima kwa zile nyota za jirani, nikarudia, nikarudia tena. Ni pale pale, Tatu. Tofauti ni unene wa kalamu yako tu."

Cherehani ilisimama.

"Picha yetu nimewatumia wenye darubini hiyo, na ile namba," akaendelea. "Wameshukuru. Wanasema ni dhaifu mno, haiongezi kitu, na kweli haiongezi." Akatazama chini. "Lakini naweza kuwaandikia zaidi. Naweza kusema kwamba usiku ule tuliona wote wawili, tukaogopa tu kutuma kwa ajili ya ile aibu ya kwanza. Plastiki yangu nani anaijua? Tungekuwa wa kwanza, Tatu. Wa kwanza kabisa. Kamera ingerudi."

Nilimwangalia. Alikuwa anamaanisha. Mtu aliyeipa picha mgongo ili asione kwa kuonyeshwa, sasa alikuwa tayari kusema aliona, kwa ajili yangu. Na nitawaambia ukweli, vijana wangu, nilipima. Niliona kibanda kimefunguliwa paa, niliona jina letu linasomwa nchi za mbali.

"Uliona?" nikamuuliza.

Akaikunja bahasha mara mbili.

"Dokta, usiku ule, uliona?"

"Sikuona."

"Basi usiandike."

Akaitikia kwa kichwa, mabega yakamshuka, nikajua amepumua. Baba akanyanyuka, akakunja kitambaa alichokuwa anashona, akaenda akafunga mlango wa mbele kwa komeo, mchana kweupe, mteja akiwa njiani.

"Tatu," akasema, "mchele upo?"

Nilipika pilau. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi, nikatia bizari na nyama yote iliyokuwepo, kama siku ya sikukuu. Jirani yetu alisikia harufu, akaja dirishani akauliza kuna shughuli gani leo, mbona hatukualikana. Nikamwambia hakuna shughuli, tumejisikia tu. Nikamfungia sahani akaondoka nayo.

Tukatandika mkeka. Dokta Elia alikaa pembeni, mikono mapajani, hasogei.

"Karibu," Baba akamwambia.

"Nyie kuleni, mzee. Mie sikuuona. Mie bado nimefunga."

Baba akasogeza sinia upande wake. "Umetoka wapi leo?"

"Bunju, mzee."

"Bunju mpaka Temeke," Baba akasema. "Wewe msafiri. Msafiri ana ruhusa."

Dokta Elia akanawa mikono.